Ukano wa Baba Sevelini

Tangu wanyama wapewe haki ya miili yao, ukano wa kusokotea upote, kamba ya upinde, huoteshwa zahanati, kutokana na nyama ya mtu wa nyumba yako. Swala haguswi hata akiwa mzoga.

Kwetu kijana hasimami mbele ya wakwe bila upinde. Mwanangu Sevelini aliuchonga wake kwa mti wa mkole, akaupitisha juu ya moto mpaka ukakubali kupinda. Ulibaki upote tu, na ukweni tulitazamiwa kesho yake.

Muuguzi alinikabidhi ukano mkavu uliofungwa karatasini. "Ni wa marehemu mumeo, mama. Tuliitunza nyama yake."

Nilirudi nyumbani nimeukumbatia.

"Mama, utafune ulainike," alisema Sevelini. "Maji hayafai. Ni mate yanayoufanya ushikane."

"Tafuna mwenyewe. Una meno."

"Nimtafune baba?" Alicheka kidogo. "Kano za pinde zake zote ulimtafunia wewe."

"Zilikuwa za swala."

Aliendelea kuupaka upinde mafuta, ameinamisha kichwa, naye alikuwa na mabega ya baba yake.

Nilinawa mikono, nikaketi jikoni, nikautia ukano mdomoni. Haukuwa na ladha yoyote. Nikafumba macho nimwombee marehemu, lakini sala iliyonijia ilikuwa ile tunayosali mezani kabla ya kula.

Niliimaliza mpaka amina, nikaanza kutafuna.