Sanamu Iliyochota Maji

Mtu wa kwanza kuiona sanamu ikichota maji alikuwa Xaveria wa Maisaka. Alfajiri moja alishuka kisimani, akamkuta Leonsi, yule wa sanamu ya njia panda, ameinama, maji yanamchuruzika mikononi. Xaveria alikimbia akaiacha ndoo yake palepale, na mwaka ule wa 1983 ndoo haikuwa kitu cha kuachwa.

Leonsi alikuwa amekufa katika vita vya Kagera. Wenzake walisimulia kwamba aliurudia mto mara ya pili kuwavusha majeruhi, asionekane tena. Mwili haukupatikana. Mwenyekiti Elimringi, mtu wa kuja asiyependa mji aliouongoza uonekane mdogo, aliamua Babati nayo iwe na shujaa wake. Saruji ikatafutwa kwa vibali wakati sakafu ya zahanati ni vumbi tupu, na fundi Teodori, aliyekaa dawati moja na Leonsi shuleni, akamsimamisha njia panda na bunduki yake. Alimpatia kweli. Hata kovu la juu ya jicho la kushoto hakulisahau.

Baada ya Xaveria, wengine nao wakaiona. Mmoja aliiona ikikatiza kwenye mahindi ya kijiji cha Mutuka. Mwingine aliikuta ukingoni mwa ziwa, imekaa inatazama viboko kama mtu asiye na kazi. Wazee walisema mtu asiyezikwa ukimsimamisha barabarani unamwonyesha njia ya kurudi. Watoto wakagoma kwenda kuchota maji. Vijana walicheka, ila walicheka mchana tu.

Aliyekonda kwa hofu hiyo ni Natalia, mama yake Leonsi. Gari likisimama karibu na kwake alishtuka. Kwenye foleni ya duka la ushirika, wenzake wakigombea sukari na sabuni, yeye aliomba wembe. Hatibu muuza duka alimpa bila kuuliza, akidhani ni wa kunyolea nywele kwa msiba usiokwisha.

Mwishowe Natalia alikwenda kwa mwenyekiti na kuomba sanamu ivunjwe. Mkutano ukaitishwa hapo hapo njia panda, sanamu ikiwatazama.

"Mama Leonsi," Elimringi alisema, "yule kijana wa Bonga aliyetoroka vitani alitolewa jikoni kwa mama yake na pingu mikononi. Wewe Mungu amekupa shujaa. Unataka tumvunje?"

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Hata abiria wa mabasi wanaijua sura yake. Tukiivunja, baada ya miaka michache nani atakumbuka alifananaje?"

"Hicho ndicho ninachoomba," Natalia alijibu. "Asahaulike. Apumzike."

Watu waliinamisha vichwa. Wengine walinong'ona kwamba uchungu sasa umempanda kichwani.

Katika umati, aliyesimama kupinga alikuwa Kornelia peke yake. Mwanawe, Konstantini, alipanda lori moja na Leonsi siku ile ya kwenda vitani, naye hakurudi, wala hakuna aliyekuja kumsimulia alivyokufa. Kila Jumapili baada ya misa Kornelia alifagia miguuni pa sanamu na kuweka maua. Hakuwa na kaburi jingine.

"Mimi mwanangu sina hata alama yake," alisema. "Hapa ndipo ninapolilia. Mkipaondoa, mwenzangu, mimi nikalilie wapi?"

Natalia hakuweza kumtazama. Wakati wote wa vita wanawake hao wawili walisali rozari pamoja, wakiwataja watoto wao kwa zamu. Aibu ilimwaka usoni, akatamani ardhi immeze.

"Nisamehe, Mama Konstantini," alisema. "Siwezi kuishi nayo."

Kornelia akajifunga vizuri khanga yake.

"Wewe ndiye mama yake," alisema. "Ukishasema iondoke, mimi ni nani?"

Basi mwenyekiti akaridhia, na Teodori akaleta nyundo. Natalia alimwomba aanze na uso, na fundi alipiga huku machozi yanamtoka. Watu wengine waligeuka pembeni. Natalia hakugeuka. Alisimama mpaka jicho na kovu lake vikawa kokoto, na alipokiona kipande kimoja cha shavu kimebaki kizima, akakiokota na kumrudishia fundi akiponde nacho.

Kornelia aliomba apewe mkono mmoja. Alisema atauzika kwenye migomba yake, ili na yeye awe na mahali pa kufagia. Mkono ulikuwa mzito, Natalia akamsaidia kuufunga kwenye khanga na kumtwisha, na Kornelia akamshukuru.

Mji ulilala na amani jioni hiyo. Xaveria alipata moyo wa kurudi kisimani kutafuta ndoo yake, asiione.

Natalia alifika kwake jua linazama. Alifunga mlango, akatia komeo, akaigeuza ndoo ya Xaveria na kuikalia. Kijana mwenye kovu juu ya jicho la kushoto alishuka taratibu kutoka darini, akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, mama," alisema. "Wameshanivunja?"