Nyuki wa Rutashobya

Rutashobya alikata ndizi changa katikati. Ndani ilikuwa na rangi ya kutu, na kwenye shina lake mgomba ulitoa usaha wa njano. Ulikuwa wa tano kuugua wiki hiyo.

"Bwana shamba anasema wadudu ndio wanaoueneza ugonjwa huu," alisema mkewe, Kemilembe. "Wanatua kwenye ua la mgomba mgonjwa, kisha wanakuja kwetu."

"Hata nyuki?"

"Hata nyuki, baba."

Wote wawili wakautazama mzinga uliokuwa nyuma ya jiko. Rutashobya alikuwa akiwafuga nyuki wale tangu alipooa.

Jioni, nyuki walipokwisha kurudi wote, alikanda udongo akaziba tundu. Usiku kucha walivuma. Siku ya tatu kukawa kimya.

Akaenda kukaa chini ya mgomba alikozika kitovu cha mwanawe. Ulikuwa haujaugua. Ua lake lilikuwa limefunguka asubuhi hiyo, na kulivunja mapema ili wadudu wasitue ni kuukosa mkungu.

Nyuki mmoja alikuja kutoka ng'ambo ya bonde, akalizunguka ua, akatua.

Rutashobya akainua kiganja, udongo wa mzinga ungali kwenye kucha. Kikabaki hewani.