Mtoto Aliyezibwa Mdomo

Tangu ukame uwafukuze watu wa Arizona na kuwavusha mpaka kuingia Meksiko, kila nyumba ya mji wa Hermosillo iliyopokea wageni ilifungiwa kinasa sauti ukutani. Mgeni akitamka Kiingereza, taa yake nyekundu huwaka, na akirudia hurudishwa alikotoka.

Eulalia, mwalimu mstaafu, aliipenda taa ile. Mama yake alikulia Texas, akachapwa shuleni kwa kusema Kihispania, na hakutaka kamwe kusimulia.

"Sasa ni zamu yao," Eulalia alizoea kumwambia mumewe.

Asubuhi moja Josie, binti mdogo wa Darlene, mgeni aliyeishi kwa Eulalia, alivuta sufuria jikoni. Maharage ya moto yakammwagikia mkononi. Alipiga yowe. Darlene alimkimbilia, lakini kabla hata ya kuutazama mkono ulioungua, alimziba mdomo.

Eulalia alichota maji baridi upesi.

"Mwache alie, mwanangu," alisema. "Mwache akuite anavyojua."

Darlene aliitupia taa jicho, kiganja chake kikiwa palepale. "Hapana, senyora," alijibu kwa Kihispania cha kujikongoja. "Anajifunza. Tafadhali, usitushtaki."

Eulalia aliona aibu hata akashindwa kumtazama. Aliutumbukiza mkono wa mtoto majini, akaushikilia humo. Darlene alipoondoa kiganja, Josie hakulia tena. Alimeza kwikwi, akamwinulia Eulalia macho yaliyojaa machozi, akamshukuru kwa Kihispania safi, pasipo kosa hata moja.