Shahada Chini ya Sinki

Fundi bomba alikuja amevaa tai, na mkoba mwembamba wa ngozi kwapani.

"Habari za mchana, mama. Mimi nimetoka—"

"Ulipotoka tutapajua baadaye," mama alimkatiza mlangoni, akamtia spana mkononi. "Umechelewa! Maji yanaelekea sebuleni!"

Mgeni aliitazama ile spana kama mtu aliyepakatishwa mtoto asiye wake. Kisha akavua viatu, akajiingiza chini ya sinki.

Binti alikuwa akideki, na ugomvi wa wiki nzima ukiendelea juu ya kichwa chake. Miaka mitatu alisimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa akijinyima, na sasa chuo kilikuwa kimemkubali kusomea shahada ya uzamili ya falsafa. Ufadhili, sufuri. Akiba yake yote ingeteketea huko. Siku ya mwisho ya kujibu ilikuwa leo, na yeye mwenyewe hakujua ajibu nini.

"Falsafa!" alifoka baba, mpima ardhi mstaafu. "Inapimwa kwa kamba ipi hiyo? Fundi, wewe mtu wa kazi, hebu mwambie huyu mwanangu."

Chini ya sinki, spana ilianguka.

"Mzee wangu, mimi ninayo hiyo shahada."

Baba alicheka mpaka akashika ukuta. "Na ona ilikokufikisha!"

"Kweli, mzee. Sikutarajia kabisa kufika hapa."

Binti aliweka tambara chini, akachuchumaa. "Niambie ukweli, fundi. Unajuta?"

"Sijawahi. Haikunipa gari. Ila ilinifundisha kukaa na jambo nisilolielewa bila kutoka mbio." Akazungusha kitu, maji yakamrukia usoni. "Kama hivi sasa."

Akazungusha upande wa pili. Maji yakakatika.

Baba aliinama, akalichungulia bomba kavu, akamchungulia na mwenye kulikausha.

"Basi," alisema polepole, "mambo yakienda mrama, kumbe kazi ya bomba ipo."

Binti alimgeukia fundi. Huyu hakuwa mwalimu wa kujipigia debe wala rafiki wa kumvika kilemba cha ukoka. Alikuwa mtu baki, ameloa chapachapa, asiyepata wala kupoteza kitu.

"Nakwenda kusoma," alisema. Kwa mara ya kwanza wiki ile, hakuna aliyembishia.

Mlango ukagongwa. Akaingia mwanamume mwenye ovaroli, boksi la vifaa mkononi na mabomba begani.

"Samahani jamani, foleni. Sinki liko wapi?"

Wote wakamgeukia mwenye tai. Alikuwa ameshafungua mkoba wake na kutoa fomu iliyolowa pembeni.

"Nilitaka kusema tangu mlangoni," alisema kwa unyenyekevu. "Binti asaini tu hapa chini. Amebaki mwanafunzi mmoja tu wa kutimiza idadi, idara yangu ya falsafa pale chuoni isifungwe."