Bawa Lililonaswa Ziwani

Wavuvi wa Kirumba walinasa kipande cha bawa la dege la mabomu, wakamletea Ogweno, kwa kuwa ujanani alikuwa rubani wa vita.

Aliingiza kidole cha mwisho kwenye tundu la risasi, kisha kwenye jingine. Ni yeye peke yake aliyelifukuza dege lile. Alilimiminia risasi mpaka zikamwishia, nalo likaenda zake mawinguni kana kwamba limenyeshewa manyunyu. Miaka yote wenzake walimtania, "Ulilitekenya tu!" Naye alicheka nao.

"Baba, kumbe ulilitungua!" Binti yake alipiga vigelegele. "Ingia ndani, leo nachinja kuku."

Ogweno alifika mlangoni, akasimama. Aliporudi kutoka vitani, mama yake alimzuia mlangoni, akamuuliza kama ameua, maana aliyeua haingii nyumbani kabla hajatakaswa. Alijibu hapana, akapita.

"Baba, vipi?"

Alijishusha polepole, akaketi nje ya kizingiti.

"Chakula niletee hapa hapa, mama," alisema. "Waliojua kututakasa tumeshawazika wote."