Vidole Vinane

Kwa maneno ya fundi cherehani wa nyumba ya pili, bibi yule Jumatano alipanda juu ya stuli, akatundika mapazia yote mawili, tena huku anaimba.

"Kwa macho yangu haya," alimwambia nesi pale kwenye ngazi. "Mgonjwa wa saratani gani huyo?"

Nesi akapanda zake. Ulimi hauna mfupa, na wa fundi huyu ulikimbia kuliko cherehani yake. Akabisha hodi.

"Pita, mjukuu wangu. Mlango haujafungwa."

Bibi alikuwa amejikunja kitandani, kashika kiuno. Mezani vikombe viwili vya chai vilikuwa vinafuka moshi.

Nesi akavuta kiti, akafungua daftari. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwa wagonjwa majumbani na kuuliza swali lile lile: sifuri ni hakuna maumivu, kumi ni yasiyovumilika, leo ni ngapi? Bibi hakupenda kutaja. Aliinua vidole: mkono mmoja mzima, na vitatu vya mkono wa pili.

Nane. Wiki ya nne sasa, nane. Kila Alhamisi nesi aliongeza dozi ya mofini, dawa ya maumivu, na kuacha kichupa cha nyongeza cha kunywa maumivu yakizidi, na kila Alhamisi vidole vilikuwa vilevile. Wagonjwa wake wengine wote walikuwa wametulia. Huyu peke yake alimshinda, na jambo hilo lilimkosesha usingizi.

"Unakunywa kila baada ya saa nne, bibi? Hata kama huumwi?"

"Saa haijanipita hata moja."

"Mwanao amekuja kukuona?"

"Ana kazi nyingi. Atapiga." Simu ilikuwa dirishani, imefunikwa kitambaa kisafi kama birika la wageni. Bibi akapuliza chai yake. "Hivi yule fundi viatu wa kule chini, bado unamwendea?"

"Siendi tena. Vidole vyake vimeshuka hadi viwili. Wakifika hapo tunawapigia simu tu, mara moja kwa mwezi."

"Masikini," bibi alisema.

Nesi akacheka. "Masikini wa nini tena? Si amepata nafuu?"

"Amepata. Kunywa chai, itapoa."

Chai haikuwa na sukari. Bibi alitaka kuinuka, nesi akamzuia. "Kaa, usijitese. Naichukua mwenyewe." Akaenda kwenye kabati la ukutani.

"Sukari haiko humo," bibi alisema, na sauti yake ghafla ilikuwa nzima, haina hata chembe ya ugonjwa. Lakini mlango wa kabati ulikuwa umeshafunguka.

Nyuma ya kopo la sukari, vichupa vitatu vya nyongeza vilisimama kwa mstari. Vifuniko vilikuwa havijaguswa. Kila kimoja kilikuwa na tarehe ya Alhamisi yake, kwa mwandiko wa nesi.

Alirudi kwenye kiti na sukari mkononi. Akachukua kalamu.

"Bibi, nionyeshe tena."

Bibi aliweka kikombe mezani. Kisha akainua mikono, akaanza kukunja vidole, kimoja kimoja, mpaka vikabaki viwili.

"Andika nane, mjukuu wangu," alisema. "Nakuomba."