Tundu la Nne

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe nane Juni, saa nne na dakika kumi asubuhi, pale risasi ya Hobart Sizemore ilipoipita shabaha kwa kushoto na kuua kisiki kisicho na hatia.

Watu wa klabu walicheka wakidhani mzee anawatania. Hobart alikuwa na vikombe kumi na tisa juu ya kabati la jikoni, na kila kimoja alikipata kwa risasi alizozimwaga mwenyewe kutoka chungu cha madini yaliyoyeyuka. Lakini ya pili nayo ikaenda kushoto, ya tano ikapaa, na jioni kikombe kikaondoka na gari la mtu mwingine. Julai ikawa vilevile. Akishindwa tena Agosti, sheria ya klabu ilikuwa wazi: anahamishiwa kundi la wakongwe, wale wanaolenga wakiwa wameketi kitini, na kupewa mto wa kukalia.

Hobart hakuwa mtu wa kukosa wa kumlaumu. Alianza na wakubwa wa serikali, waliobadili vyuma vya kubalansi matairi, alivyozoea kuviyeyusha, hadi gereji zote za Kentucky zikajaa zinki tupu. Akachambua madini yake upya, kipande kwa kipande. Haikusaidia. Akaigeukia kalibu yake ya kumwagia risasi, ya matundu sita, aliyoinunua miaka thelathini na moja iliyopita. Akasugua pini, akalegeza skrubu ya bati la juu, akaikaza tena, akayafukiza matundu kwa moshi wa mshumaa ili madini yajae vizuri. Hayo yote aliyafanya jikoni, mlango wazi, upepo wa mlimani ukiingia na kutoka utakavyo, na mapazia ya marehemu mkewe yametulia tuli kama wazee wa kanisa.

Risasi zilitoka ziking'aa. Tena boksi lilijaa upesi kuliko zamani. Enzi za mkewe Ilene, yeye Hobart alimwaga, Ilene akakaa mezani na miwani yake, akizipanga na kurudisha chunguni zilizokunjamana. Boksi moja lilikula asubuhi nzima. Sasa, peke yake, alilimaliza kabla kahawa haijapoa. Akajiona fundi kwelikweli.

Ijumaa, kesho yake ikiwa mashindano ya Agosti, ndipo alipopata wazo la kuazima mizani ndogo. Kila tundu alikuwa amelichonga alama tangu siku alipoinunua ile kalibu, nukta moja hadi sita, hivyo kila risasi ilizaliwa na nukta zake. Akapima moja moja. Zote zilikuwa sawa, isipokuwa zenye nukta nne. Hizo zilikuwa nzito kidogo, na ukizibingirisha mezani zilikwenda kombo kama mlevi anayetafuta mlango.

"Nimempata," akasema.

Verna, mdogo wake Ilene, alikuwa anapasha maharage jikoni humo humo. Tangu msiba wa Februari alikuja kila Ijumaa na mkate wa mahindi, kufua na kugombana.

"Nani tena, shemeji? Mwaka huu umeshamlaumu gavana, posta na mvua. Nilijua zamu yangu inakuja."

"Estill Fugate."

"Mwenyekiti wenu? Aliyebeba jeneza la dada?"

"Huyo huyo. Aprili alikuja kuazima kalibu yangu, akakaa nayo wiki nzima. Akaligonga nyundo tundu la nne, akanirudishia na tabasamu. Na vikombe vya Juni na Julai kachukua nani? Mtu ukishampa kiti, Verna, anadhani na meza ni yake."

"Lakini mmekua pamoja. Mmeogelea uchi mto mmoja."

"Ndiyo maana alijua pa kugonga."

Akaketi, akaandika barua. Shule aliiacha mapema, kwa hiyo kila herufi aliisindikiza kwa ulimi. Alipomaliza, akaisoma kwa sauti ya mkutanoni: "Wanaklabu wenzangu. Mwenyekiti wenu ni mharibifu. Naomba kesho, kabla ya risasi ya kwanza, kura ipigwe, aondoke na asirudi."

Verna aliweka mwiko chini. "Je, kama kalibu ni mbovu yenyewe?"

"Ile? Vikombe kumi na tisa, mama. Hata dada yako nilikuwa namwambia, kalibu hii haijawahi kunitolea risasi ya kasoro."

"Na yeye alikuwa anasemaje?"

"Alikuwa anasema, 'Sawa, Hobart.' Halafu anacheka. Unamjua dada yako, alicheka hovyo."

Hobart akaikunja barua, akaitia mfuko wa shati, akaupigapiga.

Verna alipanda kigoda kuyashusha mapazia, yaliyokuwa meusi kwa moshi wa mshumaa. "Umeyakausha haya kama paja la nguruwe. Kesho ukamtoe mtu kwenye kiti, leo nyumba yako inanuka hivi." La kwanza likamponyoka, likagonga meza kwa kishindo, kijiko kikaruka. "Mbona zito namna hii? Dada alishonea mawe?"

Akachukua mkasi, akafumua pindo.

Vitu vikamwagika mezani, vya kijivu, vilivyofifia kwa umri. Vikabingirika kwenda kombo, kama walevi wanaotafuta mlango.

Hobart alivaa miwani. Akaokota kimoja, akakigeuza. Nukta nne. Akaokota kingine. Nukta nne. Verna akafumua pindo la pili, na la tatu, na hakukuwa na risasi iliyozidi nukta nne wala iliyopungua.

"Mapazia haya aliyashona mwaka ule wa kikombe chako cha kwanza," Verna akasema taratibu. Kisha akaanza kucheka, kicheko kilekile cha dada yake. "Sasa barua hiyo, shemeji, kesho utamsomea nani?"